Jicho la Choo Kikuu cha Kaukani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asijisumbue kumtafuta huko mbele, kwa sababu atakutana na watu kadhaa watakaomshawishi awape wao cheo hicho, na itakuwa dhuluma kuninyang'anya kitu nilichokitolea jasho.

Namna nilivyofika Kaukani haina maana kubwa. Nchi yenyewe ni kavu. Ina chemchemi moja, tangi moja, mji mmoja ulio chini ya tangi, na kitongoji kimoja kilicho juu ya mlima ambacho watu, kwa kukosa muda wa kufikiri jina, wamekiita Mlimani. Mpakani afisa alinyanyuka kitini, akarudi nyuma hatua mbili, akainama, akapunga mkono juu ya kichwa kama anayefukuza nzi, ndipo akaniomba karatasi zangu. Nikajiambia, leo nimefika kwa waungwana. Nami nikarudi nyuma hatua mbili, nikainama, nikapunga. Akarudia. Nikarudia. Adabu yetu ilikoma pale nilipogonga mlango kwa kisogo.

"Kazi yako?" akauliza.

Swali hilo limeniponza katika nchi nyingi. Kuna mahali nilisema mimi ni msafiri, nikafungwa kwa uzururaji. Kwingine nilisema ni mwandishi, wakanipekua siku mbili hadi soli za viatu. Aliyefunzwa na ulimwengu hujifunza kutazama kwanza ukutani mwa ofisi kabla ya kujibu. Ukutani mwa ofisi ile palikuwa na picha ya tone la maji, na ndani ya tone jicho.

"Fundi wa maji," nikasema, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa nikaongeza, "wa kimataifa."

Kwa kweli, ufundi wangu wote wa maji ulikuwa kubadilisha mpira wa bomba katika nyumba moja ya wageni, na asubuhi yake wageni waliondoka na magodoro kichwani. Lakini afisa hakuuliza hayo. Aliandika, akagonga muhuri, na nchini Kaukani kilichogongwa muhuri hakifutiki. Wana sheria fupi kuhusu jambo hilo, wameichora juu ya kila mlango wa serikali: Karatasi haikosei, mtu ndiye hukosea.

Kesho yake asubuhi, kabla sijamaliza chai, alibisha hodi kijana mwembamba mwenye tai iliyomfika magotini. Alirudi nyuma hatua mbili, akainama, akapunga.

"Mtaalamu," akasema, "mimi ni Nyambo, Mwangalizi wa Jicho. Kamati ya Kudumu ya Haja Ndogo inakusubiri. Mungu amekuleta wakati wake."

"Ina shida gani hiyo kamati?"

"Tangi halijai, Mtaalamu. Tumeokoa maji miaka mitatu mfululizo, na kila tukiokoa yanapungua."

Njiani alinieleza habari yote, nami naipeleka kama nilivyoipokea. Zamani Choo Kikuu cha Wananchi kilikuwa na mabeseni sitini ya haja ndogo yaliyopangwa ukutani, na juu yake birika lililojimwaga kila baada ya dakika kumi, awepo mtu asiwepo. Usiku kucha watu wamelala, birika linaosha mabeseni yasiyotumika. Sikukuu watu wako makwao, birika linaosha. Ndipo fundi mmoja, mwenyeji wa Mlimani, akaleta wazo lenye akili timamu. Aliagiza Jicho, kisanduku kidogo chenye kioo cheusi, kinachohisi mwendo wa mtu. Mtu akiingia na kutoka, Jicho hufungua maji. Asipoingia mtu, maji hayatoki, ila mara mbili kwa siku ili kuondoa harufu. Maji yatakayobaki yangepanda Mlimani kwa bomba. Bomba likalazwa, na fundi akaiandika sheria yake mwenyewe, ikapitishwa na kugongwa muhuri: siku mshale wa tangi utakapogusa alama nyekundu ya kujaa, koki ya Mlimani ifunguliwe na yeyote aliye karibu, bila kungoja kibali.

"Ikafunguliwa?"

"Siku ya uzinduzi, Mtaalamu. Picha zikapigwa. Kisha ikafungwa."

"Na fundi?"

"Alisema Jicho limefungwa mahali pabaya. Akapelekwa masomoni. Bado anasoma."

Tukafika. Nimeona misikiti na makanisa mengi yasiyofagiwa vile. Juu ya mabeseni, katikati ya ukuta, Jicho lilikuwa limekaa kama limeambiwa lisipepese. Wanaume walisimama, wakamaliza, kisha kila mmoja akarudi nyuma hatua mbili, akainama, akapunga mkono juu ya kichwa. Ndipo nilipoelewa kwamba ile niliyoidhania adabu ya mpakani ilianzia hapa. Jicho lilikuwa limefungwa juu mno na kutazama ng'ambo, hivyo lisingemwona mtu aliyesimama chini yake mpaka arudi nyuma na kupunga. Miaka mitatu ya kupunga ilitosha. Sasa wanapunga harusini, wanapunga makaburini, na watoto wanafundishwa shuleni kwamba ndivyo walivyosalimiana mababu.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye mgongo mgumu. Alimaliza, akashindwa kuinama. Maji hayakutoka.

"Rudi, mzee," Nyambo akamwambia kwa upole. "Hujakojoa."

"Nimekojoa, mwanangu."

"Jicho halijakuona. Kisheria hujakojoa. Rudi utulie, ujaribu tena."

Mzee akarudi kwenye beseni na kusimama pale, anajaribu. Nilipoondoka alikuwa bado anajaribu.

Ukuta wa pili, uliokabiliana na Jicho, ulifunikwa na bango la kitambaa lenye upana wa chumba. Juu yake pameandikwa OKOA MAJI, na chini yake pana uso wa Mheshimiwa Bwanakheri, Mwenyekiti wa Kamati, mkubwa kiasi kwamba meno yake yalikuwa sawa na milango ya kabati. Feni ya dari ilizunguka, bango likajipinda, Mheshimiwa akatabasamu na kununa, na Jicho likalia: ta. Maji yakaporomoka kwenye mabeseni sitini. Bango likajinyoosha. Ta. Maji.

Hapo mtu mwenye akili angeona. Mimi sikuona, maana nilikuwa nashughulika kuonekana fundi. Nilibandika sikio ukutani. Nikagonga bomba kwa kifundo cha kidole. Nikaguna.

Nyambo akaandika: Mtaalamu ameguna.

"Hewa ya humu," nikasema kwa kuwa walikuwa wanasubiri, "ni nzito. Mabomba yanataka hewa inayotembea. Ningeshauri feni ya pili."

Naomba msomaji asicheke kwa sauti. Feni ya pili ililetwa kabla sijaondoa mkono kwenye bomba, wakaifunga ikielekea bango moja kwa moja. Mheshimiwa kitambaani akaanza kucheza ngoma. Ta, ta, ta. Mabeseni sitini yakaimba kama mto wa masika. Nje, kwenye ubavu wa tangi, mshale uliokuwa umelala ulishuka zaidi, mpaka ukawa hauna pa kushukia.

Watu wakanipigia makofi.

Nikatoka uani kunawa uso. Kwenye kivuli cha tangi alikuwa mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga kiunoni, anakamua dekio. Pembeni yake palikuwa na dumu la lita ishirini, tupu.

"Kaka," akaniita, "wewe ni fundi?"

"Nimeandikwa hivyo."

"Sikukuuliza ulivyoandikwa."

Nikatazama viatu vyangu. Katika maisha yangu nimepigwa na polisi wa nchi nne, lakini hakuna aliyenipiga mahali pale.

"Si fundi," nikasema.

"Nilijua. Fundi haguni." Akakamua tena. "Mimi naitwa Arafa. Nasafisha hapa, nakaa Mlimani. Nina mzazi ndani, binti yangu, leo siku ya kumi na mbili tangu ajifungue. Unajua mzazi anavyokandwa?"

"Kwa maji ya moto."

"Kwa maji ya moto mengi. Wangu anakandwa kwa maji ya kikombe. Nachovya kitambaa, nakamua, yale yaliyokamuliwa nayachovya tena. Kila alfajiri nashuka na dumu, jioni napanda nalo, magoti haya yanalia kama bawaba. Na wewe mgeni umekuja leo hii, hujanywa hata maji yetu, umenitilia feni ya pili."

Nikashusha mikono ya shati niliyokuwa nimeikunja kifundi.

"Wewe unajua tatizo liko wapi?" nikauliza.

"Njoo," akasema.

Akanirudisha ndani, akanionyesha juu ya mlango fremu ya mbao yenye kioo. Ndani yake palikuwa na karatasi iliyokuja na Jicho, ya maelekezo ya kulifunga. Wakaukani waliiona ina muhuri, wakaipandisha ukutani, na sheria ikakataza kuishusha wala kuisogelea isipokuwa kwa kuifuta vumbi.

"Anayefuta vumbi ni mimi," akasema Bi Arafa. "Miaka mitatu, kila asubuhi. Nimeisoma mpaka nimeota. Kifungu cha nne: jicho lifungwe chini, lielekezwe kwa mtu, lisielekezwe kwenye mlango, pazia, feni, wala chochote kinachopepea."

Nilimtazama Mheshimiwa akipepea.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia mara saba."

"Wakasemaje?"

"Leo wanakaa tena. Utawasikia mwenyewe. Ila kaka, leo kuna karatasi wanataka uisaini. Wakishapata saini ya mtaalamu wa nje, wanafukua bomba la Mlimani. Ukisaini, usipite kwetu."

Kamati ya Kudumu ya Haja Ndogo ilikaa katika ukumbi uliopakana na choo, ukuta mmoja tu kati yao, kwa hoja kwamba wawakilishi wanapaswa kuwa karibu na wananchi. Kila Jicho lilipolia, ilisikika ukutani: ta. Na kila liliposikika, kibao cha tarakimu juu ya kiti cha Mheshimiwa kiliongeza moja.

Mheshimiwa Bwanakheri, katika mwili wake halisi, alikuwa mdogo kuliko bango lake, na nadhani jambo hilo lilimsumbua. Alifungua kikao.

"Ndugu wajumbe, hali ni mbaya. Mji wetu una wanaume mia tisa. Jana peke yake Jicho limehesabu haja ndogo elfu tano na mia mbili. Leo asubuhi, baada ya kazi nzuri ya Mtaalamu wetu, hesabu inapanda kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Swali ni moja. Kwa nini wanaume wa Kaukani wanakojoa sana?"

Mjumbe mmoja alisema ni chai. Mwingine akasema ni matikiti maji, akapendekeza yapigwe marufuku mpaka mvua. Mjumbe wa tatu, mtu wa dini kwa sura yake, alisema ni kuporomoka kwa maadili. Enzi za baba yake mwanaume alikojoa mara mbili tu, asubuhi na jioni, na mara ya pili alikuwa anaona haya. Ikapendekezwa kila mwanaume awe na kadi yenye matundu manne kwa siku, na atakayetoboa la tano aeleze kwa maandishi.

"Pendekezo langu ni la kudumu," akasema Mheshimiwa. "Tukubali kwamba maji ya Mlimani hayatabaki kamwe. Bomba lile halina kazi. Lifukuliwe, vyuma vyake vifanywe uzio wa heshima mbele ya Choo Kikuu. Mtaalamu ataweka saini."

Karatasi ikaletwa mbele yangu. Kalamu pia, yenye kofia ya dhahabu. Mlangoni alisimama Bi Arafa na dekio lake, anatazama vidole vyangu.

Nikasimama. "Waheshimiwa, kabla ya yote nataka kukiri. Mimi si fundi wa maji."

Nyambo akaandika, akasoma kwa sauti: "Mtaalamu ni mnyenyekevu."

"Sikiliza vizuri. Nilidanganya mpakani. Sijui chochote kuhusu mabomba."

"Wataalamu wakubwa wote husema hawajui," akasema Mheshimiwa kwa upendo. "Wanaojua kila kitu ni mafundi wa mtaani. Endelea, Mtaalamu."

Nikaona kwamba kama nimefungiwa ndani ya uongo wangu, basi angalau niutumie kama kiti cha kupandia.

"Vema. Kama mtaalamu, naamuru jaribio. Watu wote watoke chooni. Mlango ufungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao Mheshimiwa mwenyewe mfukoni. Tukae hapa saa moja tuone Jicho litahesabu nini."

Ikafanyika. Tulikaa. Ukutani: ta. Ta. Ta. Kibao kiliongezeka moja, na moja, na moja, wajumbe wanakitazama kama kuku anavyotazama kamba. Saa ilipotimia kufuli likafunguliwa, na Nyambo akasoma hesabu: haja ndogo mia tatu na themanini na mbili, ndani ya chumba kilichofungwa, chenye mabeseni na feni mbili.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilianza hata kukunja ile karatasi. Sikuwa nimewajua Wakaukani.

"Jambo kubwa limetokea," akasema Mheshimiwa. "Kumbe tuna wananchi tusiowaona."

Wajumbe wote wakaugeukia ukuta.

"Jicho haliongopi," akaendelea. "Macho yetu ni ya nyama, Jicho ni la kitaalamu. Kama Jicho linaona watu mia tatu na themanini na mbili, wapo. Aibu ni yetu sisi tusiowaona."

Mtu wa dini aliuliza kama wananchi hao ni majini. Mheshimiwa akasema serikali haibagui.

Nikamgeukia Nyambo. Nikamnong'oneza, "Hivi mtu huyu anaamini anayosema?"

Nyambo alitazama huku na huku, kisha akanieleza kwa midomo iliyofumbwa nusu. Kaukani hawahesabu watu kwa nyumba. Wanahesabu kwa Jicho. Kila haja ndogo mia tano zilizohesabiwa kwa siku humpa mwakilishi wa Choo Kikuu kura moja katika Baraza la nchi. Mheshimiwa alikuwa na kura kumi. Kwa feni yangu ya pili, kufikia kesho saa kama hii angekuwa na kura kumi na nane.

Basi nikaelewa kwa nini fundi wa Mlimani bado anasoma. Nimeona nchi nyingi ambako kiongozi huchaguliwa na wafu, na nchi moja ambako alichaguliwa na ng'ombe. Lakini ilinibidi nije Kaukani kumwona mtu aliyechaguliwa na picha yake mwenyewe ikipigwa na upepo.

"Mheshimiwa," nikasema, "ni bango. Jicho linaliona bango likipepea. Lishushwe kwa saa moja tu."

"Bango ni alama ya kuokoa maji," akajibu. "Huwezi kuokoa maji kwa kushusha bango la kuokoa maji."

Wajumbe wakagonga meza. Nikiri kwamba hata mimi kwa nukta moja niliona ana hoja.

Ndipo Bi Arafa akaingia ukumbini na ndoo yake mkononi. Hakurudi nyuma, hakuinama, hakupunga.

"Naomba kusema."

"We mama, hiki ni kikao," akasema Nyambo, ila bila nguvu, kama mtu anayemkataza shangazi yake.

"Nyambo, mwanangu, najua ni kikao, nimekipigia deki. Mheshimiwa, mimi nasafisha chooni kila siku. Feni ikizimwa, Jicho linatulia. Feni ikiwashwa, maji yanamwagika. Kifungu cha nne kwenye karatasi yenu kinasema hivyo hivyo. Simwombi mtu zawadi. Naomba lile bango lishuke, tangi lijae, watu wa Mlimani waoge."

Mheshimiwa hakumtazama. Alimtazama Nyambo.

"Mwangalizi, Jicho limewahi kumhesabu huyu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni choo cha wanaume. Husafisha kikiwa kimefungwa, Jicho limezimwa."

"Wanawake wa Kaukani wamehesabiwa wapi?"

"Hawajahesabiwa, Mheshimiwa. Choo chao kina ndoo."

"Basi kisheria," akasema Mheshimiwa, "hakuna aliyezungumza. Andika: mnamo saa tano kasorobo hapakuwa na msafishaji ukumbini. Kikao kiendelee na wananchi waliopo."

Nyambo akaandika. Mkono wake ulikwenda polepole, lakini ukaandika. Bi Arafa alimwangalia akimaliza mstari hadi nukta. Kisha akanyanyua ndoo yake, akatoka bila haraka, kama mtu aliyepewa ruhusa.

Kikao kikaendelea na wananchi wasioonekana. Walijadili haki zao kwa moyo ambao sijauona mahali popote ukitumiwa kwa ajili ya watu wanaoonekana. Je, walipwe pole kwa kutotambuliwa miaka mitatu? Je, wajengewe mabeseni yao? Mjumbe wa matikiti alidai wapewe kipaumbele, kwa kuwa hawajawahi kulalamika. Likazuka bishano kama wanaruhusiwa kuoa wanaoonekana, likachukua zaidi ya saa moja, na mwisho wake ikaundwa kamati ndogo.

Mimi nilikuwa nimekalia ile karatasi ili isionekane. Sijui ni lini hasa nilipogundua kwamba ukuta umekaribia kunyamaza. Nilitega sikio. Ta zilikuwa zimebaki moja moja, za mbali mbali. Kibao juu ya kichwa cha Mheshimiwa kilikuwa karibu kusimama, na hakuna aliyekiangalia, kwa kuwa wote walikuwa wanahutubia. Nikakaa kimya. Pengine ndicho kitendo changu pekee cha ufundi siku ile.

Saa nane ilipopita, Nyambo aliinua kichwa kutoka kwenye daftari akakiona kibao. Rangi ikamtoka.

"Mheshimiwa. Wananchi wameacha kuja."

Mheshimiwa akageuka. Akakitazama kibao kama mtu anayetazama jeneza lake likipimwa.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tano, Mheshimiwa. Wamekuja sitini na wanne tu, na wote hao nadhani ninawafahamu kwa majina."

"Wamegoma," akasema Mheshimiwa. "Tumechelewa kuwapa haki zao, wamegoma. Twendeni tukawasihi."

Kamati nzima ikainuka, ikaenda chooni kwa msafara. Walipofika mlangoni wakarudi nyuma hatua mbili, wakainama, wakapunga. Ndani palikuwa pametulia kama zahanati siku ya Ijumaa mchana. Feni mbili zilikuwa zinazunguka na kupuliza ukuta mtupu. Lile bango lilikuwa limekunjwa vizuri, pindo kwa pindo, kama shuka la mgeni, limewekwa juu ya kiti kikavu ili lisilowe. Bi Arafa alikuwa amechuchumaa anafuta sakafu.

Nikatazama nje dirishani. Mshale wa tangi, ambao asubuhi nilikuwa nimeulaza kwa feni yangu, ulikuwa umesimama juu ya alama nyekundu, na chemchemi bado inamimina.

"Nani ameshusha bango la Baraza?" akauliza Mheshimiwa.

"Mimi."

"Unajua kosa hilo adhabu yake?"

"Sijui. Sikuwepo ilipopitishwa."

Mjumbe mmoja alikohoa kwa namna isiyo ya ugonjwa. Mheshimiwa akavimba. Nadhani alikuwa anajitahidi kufikia ukubwa wa kitambaa chake.

"Umepoteza wananchi elfu nne kwa siku moja. Elfu nne. Nyambo, mkamate. Andika: Arafa wa Mlimani, msafishaji, ameingia mahali hapa na kushusha alama ya taifa."

Nyambo alifungua daftari. Kalamu yake ilishuka, ikasimama unywele mmoja juu ya karatasi.

"Mheshimiwa, nitaandikaje? Ukurasa huu huu, kwa sauti yako, nimeandika kwamba hayupo."

"Futa."

"Una muhuri."

Mheshimiwa alinigeukia mimi, nchi nzima ikiwa machoni mwake. "Mtaalamu. Wewe ni mtaalamu. Sema kitu."

Nikaguna. Nyambo, kwa mazoea, akaandika.

"Basi ongeza mstari," akasema Mheshimiwa, jasho likimtoka. "Andika kwamba kuanzia sasa yupo. Alikuwa hayupo, sasa yupo. Mkamate."

Bi Arafa alisimama, akajipangusa mikono kwenye kanga, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Alizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemjibu jirani juu ya ua.

"Aandike tu, Mheshimiwa, mimi sikatai kuandikwa. Lakini kama sasa nipo, basi na asubuhi nilikuwepo, na niliyoyasema yaandikwe yote, pamoja na jina la aliyekataa kuyasikia. Na kama sikuwepo, bango lako limeshuka lenyewe, ukamkamate upepo uliokuchagua. Chukua linalokufaa na ukae nalo. Koki ya Mlimani nimeshaifungua."